Neno Aliloitikia Kasimiri

Mume wangu Kasimiri alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki. Alichagua mti, akalichana gome lake juu na chini, akalivua lote kwa pamoja kama unavyomvua mtoto gauni lililolowa. Kisha alilishona kwa kamba za miti, akaziba ncha mbili na kulipandisha mtini. Katika misitu ya kuelekea Inyonga mizinga yake ilikuwa mingi, na yote aliijua ilipo. Maneno yake yalikuwa machache. Nyumbani tulisema Kikonongo. Kiswahili tulikuwa nacho cha kununulia chumvi na cha kuitikia kanisani, basi. Hicho ndicho kilichomponza.

Watu wengine wakisimulia habari zake huwa wanacheka. Mimi sikucheka siku ile na sijacheka mpaka leo, ndiyo maana nimeona niieleze mwenyewe.

Kiangazi cha mwaka wa sabini na mbili walikuja Wamarekani na lori lenye mtambo wa kuchimba maji. Walitaka mtu anayejua pori, wakaonyeshwa Kasimiri. Alitembea mbele yao akiwaonyesha mahali ambapo majani hukawia kukauka, nao wakachimba hapo. Kelele ya ule mtambo iliwafanya nyuki wahame. Maji yalipotoka yalikuwa kama uji wa ulezi, halafu yakawa meupe, halafu yakawa maji. Wakaweka pampu ya chuma yenye mkono mrefu, na kwenye shingo yake wakapigilia kibati chenye alama ya msaada wao, mikono miwili inayoshikana. Watoto walipokiona walisema pampu inatoa salamu.

Wale Wamarekani hawakujua lugha yetu na Kasimiri hakujua yao. Walimfundisha kwa kuonyesha. Fungua hapa, paka grisi hapa, kaza. Walipoondoka walimwachia spana kubwa na kopo la grisi. Ngozi iliyokuwa ndani ya pampu ilipochakaa alimwendea Nyanda, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, akampa kipande cha ngozi. Kasimiri alikichemsha kwenye nta, akakikata, na pampu ikaendelea. Hakuna aliyemlipa kitu. Alikuwa anapenda tu kuisikia ikilia asubuhi, wanawake wakiwa wamepanga foleni.

Wakati huo hapo kisimani tulikuwa nyumba chache. Mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni. Watu wa bondeni, watu wa mtoni, watu wa kwenye mashamba ya mbali, wote waliambiwa wahamie kijiji kimoja, na kijiji kikawekwa pale kwetu kwa sababu ya yale maji. Waliochelewa kuhama walikuta paa zimeshushwa. Walikuja na kuku, na vinu, na wazee wamebebwa. Kilio chao sitakisimulia, wenyewe wapo. Nasema tu kwamba kijiji kizima kilikuwa kinakunywa kwenye pampu moja, na aliyekuwa anaitunza ni mume wangu.

Mwenyekiti wa kijiji aliwekwa Kalisti. Yeye na Kasimiri ni ndugu, mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo, walitahiriwa siku moja. Mimi aliniita shemeji, alikula kwangu, na watoto wangu walimwita baba.

Mvua za kwanza zilipokuwa zinakaribia, Kalisti akatangaza kwamba Warusi wanakuja. Alisema Warusi watatupa kisima kikubwa chenye injini, bomba litafika mpaka mlangoni kwa kila mtu, na trekta juu. Tulifurahi. Hatukuwa na ugomvi na Mrusi wala na Mmarekani. Kwetu sisi aliyeleta maji aliitwa mleta maji.

Kabla ya Warusi akaja bwana mmoja kutoka mkoani kutayarisha kijiji. Sitamtaja jina, silijui. Alikuwa na miwani na suti ya mikono mifupi. Alizunguka akaona barabara imefagiliwa, akaona shule ambayo haijapauliwa, akafika kisimani. Akakiangalia kile kibati kwa muda mrefu. Tukaitwa mkutanoni kwenye uwanja wa shule.

Alisema mengi ambayo sikuyaelewa. Niliyoyaelewa ni haya. Duniani kuna wakubwa wawili, na hawasalimiani. Mmoja akiingia nyumba fulani akakuta kiti cha mwenzake, anageuka na kuondoka na zawadi zake. Kwa hiyo ile pampu lazima ing'olewe, na shimo lizibwe kwa saruji, ili wageni wakute kijiji safi. Nilimwona mwalimu wa shule, Josephat, anaitikia kwa kichwa. Kalisti naye akaitikia.

Kasimiri akasimama. Hakuwahi kusimama mkutanoni tangu nimjue. Alikuwa na ile spana mkononi kwa sababu alitoka kuifanyia pampu kazi.

"Bwana mkubwa," akasema, "naomba hiki kiache kwanza. Kile kipya kikitoa maji, hiki nitakitoa mimi mwenyewe."

"Usiniite bwana," yule mtu akasema. "Mabwana tuliwafukuza. Niite ndugu."

"Haya, ndugu bwana."

Watu wakacheka. Hawakumcheka Kasimiri, walicheka kwa kuwa imechekesha. Lakini yule mtu hakucheka. Alivua miwani yake, akaifuta, akamuuliza ile spana amepewa na nani. Kasimiri akasema amepewa na Wamarekani. Akamuuliza mafundisho alipewa na nani. Akasema Wamarekani.

"Kwa hiyo wewe ni kibaraka wa Wamarekani."

Sasa hapa ndipo wasimuliaji wengine wanapoanza kucheka. Neno lile lilikuwa linasemwa sana redioni miaka ile, lakini sisi redio hatukuwa nayo. Sisi tulijua baraka. Tulijua baraka ya padri, na baraka ya mvua, na baraka anayotoa mzazi kabla hajafa. Na tulijua kwamba mtoto mdogo ni kitoto na mto mdogo ni kijito. Mtu akikwambia wewe ni kibaraka, utasikia nini? Utasikia wewe ni baraka ndogo. Mimi nilisikia hivyo. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake wenzangu, Goreth mtoto wangu wa mwisho yuko mapajani, na nikaona kumbe huyu bwana ana moyo, ameanza kumsifu mume wangu.

Kasimiri akainamisha kichwa kama anavyofanya mtu anayesifiwa.

"Ndiyo, ndugu," akasema. "Ni kibaraka. Lakini kidogo tu. Mungu akijalia nitazidi."

Waliojua maana walikuwa wachache, na niliwaona wale wachache wanavyoangaliana. Mwalimu Josephat alijua. Kalisti alijua, alikuwa amepelekwa semina Tabora. Neno moja lingetosha. Mmoja wao angesema tu, ndugu kiongozi, mtu huyu hajui Kiswahili, anadhani unambariki. Ingechukua muda wa kumeza mate. Mwalimu aliangalia viatu vyake. Kalisti alitazama juu kama anayesoma mawingu.

"Mmesikia wenyewe," yule bwana akasema. "Amekiri mbele ya kijiji."

Walimpakia kwenye gari jioni ile ile. Kasimiri alipanda mwenyewe. Alidhani wanampeleka mjini kumwonyesha kile kisima kipya kinavyofanya kazi, maana alinigeukia akaniambia kwa Kikonongo niifunike ile grisi isiingie mchanga. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, nami niliifunika.

Usiku Kalisti alikuja. Sikumkaribisha wala sikumfukuza. Nilimuuliza lile neno maana yake nini, akanieleza, mtu anayetumwa na mabeberu kuharibu nchi yake. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Shemeji, mimi ningesema nini pale? Ningeambiwa na mimi ni kibaraka."

"Wewe ungekataa," nikamwambia. "Wewe neno unalijua."

Akaondoka. Kesho yake saruji ikamwagwa.

Warusi walikuja kweli, baada ya wiki kama mbili, na gari la kijani lililofunikwa turubai. Walikuwa watu wa kawaida, wekundu kwa jua. Mkalimani wao alikuwa kijana wa kwetu Tanzania aliyesoma kwao. Walipikiwa wali na kuku. Mmoja, mzee mwenye nywele nyeupe, alifika kwenye ile saruji akaigonga kwa kisigino, akauliza kitu. Mkalimani akamuuliza Kalisti, na Kalisti akajibu kwamba ni kisima cha zamani, kilikauka. Yule mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika. Wakapima ardhi, wakapiga vigingi vyenye vitambaa vyekundu, wakaondoka. Hatukuwaona tena. Baadaye tuliambiwa mtambo uliokuwa uje kwetu umepelekwa Angola, kule nako wakubwa hao hao walikuwa wanapigana kwa mikono ya watu wengine. Kama ni kweli au ni maneno ya kututuliza, sijui. Vigingi vilioza. Vitambaa walichukua watoto.

Tulirudi kuchota mtoni, kwenye mchanga. Unachimba kwa mikono, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kibuyu, mwenzako nyuma yako anangoja. Kutoka kijijini ni mbali. Wale waliohamishwa walikuwa wanakaa hapo hapo mtoni zamani, sasa wakawa wanatembea asubuhi nzima kwenda kuchota kwenye milango ya nyumba zao zilizobomolewa. Hasira yao ilikuwa ya haki, lakini hawakuipeleka mkoani. Waliileta kwangu.

"Mpisheni Mama Kibaraka," Marsela alikuwa anasema nikifika. Marsela nilimsaidia kuzaa. "Mpisheni achote, mume wake huko Amerika anakunywa ya barafu."

Wengine wanacheka. Nilikuwa nachota, najitwika, naondoka. Mwanzoni nililia njiani. Baadaye nililia kidogo. Halafu machozi yakaacha kuja, na sikuyatafuta. Mtu akiniambia habari njema au mbaya niliisikia kama inasemwa nyumba ya pili.

Nilikwenda Mpanda kumuulizia. Polisi waliniambia hayupo, amepelekwa Tabora. Nilimtuma mtu Tabora, akaambiwa hayupo. Nilimwomba Kalisti aulize kwa njia ya uongozi, akasema ameuliza. Wakati huo alikuwa ameanza kurina mizinga ya Kasimiri msituni. Alisema nyuki wasiporinwa huhama, anamtunzia ndugu yake. Ndoo moja aliniletea. Nyingine sikuziona.

Mwaka uliofuata serikali ikasema watu wazima wote wasome. Nami nikaenda kwenye kisomo, alasiri, kwenye shule ile ile, na mwalimu wetu alikuwa Josephat yule yule. Sikwenda kwa ajili yake. Nilitaka kuyajua maneno kabla hayajanifikia. Josephat alikuwa na redio, na kabla ya somo alikuwa anaiwasha tusikilize habari. Siku moja ya mwezi wa saba mtangazaji akasema kwamba Wamarekani na Warusi wamekutana angani. Kila mmoja alirusha chombo chake, vyombo vikaungana huko juu, mlango ukafunguliwa, wakapeana mikono. Darasa likashangaa kwamba watu wanaweza kukaa angani bila kuanguka. Mimi nilishangaa jambo lingine.

Nilimwomba mwalimu arudie. Akarudia.

"Wameshikana mikono," nikasema. "Kama kwenye kile kibati."

"Kama kwenye kibati, Mama Goreth," akajibu, na akageukia ubao.

Kesho yake nilipanda lori la tumbaku kwenda Mpanda. Nililala mtaa wa Makanyagio kwa mtoto wa dada yangu, asubuhi nikaenda ofisini. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likahama upande wa pili wa ukumbi. Niliyemwona hakuwa yule wa miwani, alikuwa kijana, mpole kiasi. Nikamwambia kwamba mume wangu Kasimiri alichukuliwa kwa sababu Wamarekani na Warusi hawasalimiani. Sasa wamesalimiana, redio imesema. Kwa hiyo naomba nirudishiwe mume wangu.

Kijana alinitazama kuona kama nina akili. Kisha akatabasamu.

"Mama, hayo ni mambo ya juu."

"Najua. Juu ndiko walikoshikana," nikamwambia. "Sisi tuko huku chini, ndiyo maana nimekuja kuuliza."

Hakutabasamu tena. Aliingia chumba cha pili, akaongea na mtu, akakaa. Aliporudi aliniambia bila kuniangalia kwamba Kasimiri aliachiwa zamani, tangu kabla ya Pasaka. Hakukuwa na kesi ya kumfungia. Lakini ameamriwa akae kijiji kimoja huko Manyoni, haruhusiwi kurudi wilaya hii. Nikauliza mbona sikuambiwa. Akasema taarifa ilipelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji changu.

Nilikaa pale pale. Nilijua ninapaswa kupiga kelele, lakini kelele haikuwepo. Nilimuuliza kama naweza kumfuata. Akasema naweza, nikiwa na barua ya mwenyekiti, maana bila barua nitahesabiwa mtoro wa kijiji, na huko niendako hawatanipokea.

Kwa hiyo nilirudi kwa Kalisti. Nilimkuta anachuja asali. Nilimwambia naomba barua. Hakukana kwamba alijua. Alisema alikuwa anatafuta namna nzuri ya kuniambia. Barua ataandika, ila mhuri uko Inyonga. Mwezi uliofuata mhuri ulikuwa umerudi, ila wino umekwisha. Kisha kukawa na mavuno, kisha ugeni. Mimi nikiondoka, watoto wa kaka yake wakiondoka, mizinga ingebaki ya nani machoni mwa watu? Ingekuwa ya mtu aliyehamishwa na familia yake, na uongozi ungeigawa kwa kijiji. Nikiwepo, yeye ni mtunzaji wa mali ya ndugu. Haya nilikuja kuyaelewa polepole, nikiwa napalilia.

Mvua ziliponyesha na kuisha alikuja Salvator, mtu wa reli. Alikuwa anafanya kazi kwenye treni ya Mpanda na Tabora, akahamishiwa njia kubwa, na kule Manyoni akakutana na Kasimiri stesheni akiuza asali. Salvator ni mtu wa Makanyagio, anatufahamu. Alifunga safari mpaka kwangu. Nilimpa kigoda, nikampa maji, nikakaa chini kumsikiliza.

Alisema Kasimiri ni mzima. Amepungua kidogo lakini mzima. Ana kibanda, ana mizinga michache. Haongei Kiswahili na mtu kama anaweza kukwepa. Kanisani anakaa nyuma, na padri akiinua mkono kubariki watu yeye anatoka nje.

"Amekupa maneno?" nikamuuliza.

"Amenipa, shangazi."

"Yaseme."

"Amesema usimfuate." Salvator alikuwa anakizungusha kile kikombe. "Kule hawajui kilichomleta. Alipoandikishwa kijijini aliulizwa mke, akasema hana. Amesema wewe ukija, watauliza mmetoka wapi, na lile neno litafika pamoja na wewe. Amesema hawezi kuitwa lile neno tena."

Nilimuuliza kama amesema kitu kingine. Akasema hapana. Nilimuuliza kama alikuwa analia. Akasema hapana, alikuwa anafunga chupa za asali.

Salvator alipoondoka, Goreth, ambaye alikuwa amesikiliza yote mlangoni, akaniuliza Manyoni ni kwa Wamarekani au ni kwa Warusi. Nikamwambia ni Tanzania, akale.

Kwetu mtu akifa nguo zake hugawiwa ndugu baada ya matanga. Jumamosi ile niliosha nguo za Kasimiri zote, nikazianika, nikazikunja. Nikatandika mkeka mbele ya nyumba, nikaziweka juu yake, nikatuma watoto waite watu. Walikuja kwa sababu hawakuamini. Nyanda nilimpa shati la kanisani. Alilipokea kwa mikono miwili, akalishika bila kulikunjua. Marsela nilimpa blanketi. Hakutaka kuligusa, nikamwekea begani.

Kalisti akaja mbio, ameambiwa.

"Shemeji, unafanya nini? Mtu yuko hai unamgawia nguo?"

"Kama yuko hai," nikamwambia, "niandikie barua sasa hivi, mbele ya hawa, nikamsikie mwenyewe akinikataa."

Alisimama pale. Kalamu ilikuwa mfukoni kwenye shati lake, kila mtu aliiona. Aliangalia watu, akaangalia mkeka. Nilingoja. Sikuwa na hasira hata kidogo, nilikuwa nangoja tu kama unavyongoja maji yajikusanye kwenye mchanga.

Kisha akauliza lile koti la mvua liko wapi, maana kwa desturi koti la marehemu ni la ndugu wa kiume.

Nikamwonyesha. Akalichukua.